Mi ya Scolastica na Koma Isiyokoma

Hermani Margwe,
Kijiji cha Endagikot,
Mbulu.

Julai, 1981

Ndugu Ofisa wa Mizani na Vipimo,

YAH: SAUTI INAYOPUNGUA NJIANI, NA ARUSI ILIYOKWAMA KWA SABABU HIYO

Salamu nyingi kutoka huku juu kwenye baridi. Natumaini ulifika salama mwaka jana ulipotoka kwetu kukagua mizani ya duka la ushirika. Ulikuta jiwe la kilo limepungua, ukaandika onyo, ukapiga muhuri, nasi tukakukaribisha maziwa ya mgando. Tunakukumbuka kwa wema, isipokuwa msimamizi wa duka, ambaye sikumuuliza.

Nakuandikia wewe kwa sababu nimekosa pengine pa kwenda. Ofisa Utamaduni aliniambia kwamba utamaduni ni ngoma, na kwamba mambo ya kupungua na kuzidi ni ya vipimo. Padri wetu alisema katika sheria za ndoa za Kanisa hakuna kizuizi kinachoitwa mi. Basi nimeona vipimo vyote viko mikononi mwako, na mi, ile sauti ya tatu katika do-re-mi, ni kipimo.

Kwanza ujue mimi ni nani. Ni mkulima wa mahindi na maharage, na ni mwenyekiti wa kwaya ya kigango chetu. Uenyekiti nilipewa kwa kuwa nina baiskeli. Sauti yangu hairuhusiwi siku za sikukuu. Anayeimbisha kwaya ni binti yangu Scolastica. Hana kinanda wala uma wa sauti, kile chuma kinachogongwa ili kutoa sauti ya kuanzia. Akitaka kuanza hufumba macho kidogo, anatoa do, na wengine wote wanaipokea kama watu wanaopokeana mtoto. Tumeimba hivyo miaka mingi na hakuna aliyelalamika.

Kijana anayemposa anaitwa Theodory. Ni fundi wa kombaini, zile mashine za kuvunia, katika shamba la ngano la serikali, kule tambarare ya Hanang. Mama yake ni Zita, mjane wa kijiji cha Masieda, mtu wa heshima sana. Shambani huko kulikuwa na mtaalamu wa kigeni ambaye mke wake alipiga kinanda. Walipomaliza mkataba waliondoka, kinanda wakakiacha, pamoja na kitabu cha kukitengeneza. Panya walikuwa wamekula mifuko yake ya upepo. Theodory aliishona upya kwa vipande vya mkanda wa kombaini, akakisoma kile kitabu akakimaliza, akajifundisha kupiga. Kinanda hicho kikipumua kinanuka grisi, lakini kinalia.

Walijuana Pasaka, kwaya yetu ilipoteremka kuimba shambani. Mambo yakaenda vizuri. Posa ikaja, wazee wakakubaliana, Padri akatangaza ndoa Jumapili mbili kati ya tatu. Scolastica akatunga wimbo wa arusi yake mwenyewe. Hapo ndipo nilipofikia kukulalamikia.

LALAMIKO LA KWANZA linahusu mi.

Siku ya kufungua mavuno, uongozi wa shamba ulitualika kuimba mbele ya wageni. Tulipanda lori la ngano tangu asubuhi, tukafika tumejaa vumbi hadi kope. Tulisimamishwa karibu na mashine ya kukaushia nafaka. Ina feni kubwa, na feni hiyo inavuma sauti moja bila kuchoka. Scolastica akaisikiliza, akaifanya kuwa do yake. Tulipoanza kuimba juu ya ule mvumo, Ndugu Ofisa, hata mimi niliyekuwa nimeshika mikoba ya watu nilihisi kitu. Sauti ya pili ilipofika kwenye mi, ilikaa. Ilitulia kama kifuniko kilichopata sufuria yake. Madereva wa trekta walizima injini zao.

Kisha Theodory akaingia na kinanda, kwenye mi ileile.

Ndani ya sauti mkaingia kitu kinachotikisika, kama mbuzi ndani ya gunia. Watu wakatazamana. Theodory akaacha kupiga, akamwambia binti yangu, kwa upole lakini mbele ya wageni, "Skola, panda kidogo."

Scolastica akamjibu, "Wewe shuka."

"Kinanda hakishuki."

"Basi na mimi sipandi."

Theodory akacheka. Naamini alicheka kwa aibu, maana ni kijana mwenye haya. Lakini alicheka. Binti yangu akatuimbisha wimbo uliobaki bila kinanda, tukala ubwabwa wa wageni, akapanda lori akakaa amekipa kisogo chumba cha dereva, ambako Theodory alikuwa ameketi ili atusindikize. Alikaa hivyo kutoka tambarare hadi Endagikot, na unaijua barabara hiyo.

Asubuhi alikwenda kwa Padri akamwomba asitangaze mara ya tatu mpaka ijulikane mi ya nani ndiyo mi.

LALAMIKO LA PILI ni juu ya mhalifu mwenyewe, ambaye jina lake nimelipata.

Theodory alikuja kwangu Jumapili iliyofuata. Aliniamkia shikamoo, akamwamkia mke wangu Fransiska, akaketi. Scolastica alikuwa jikoni na hakutoka. Nikamwambia kijana, "Nieleze kama unavyomweleza mtu wa baiskeli."

Akasema, "Baba, katika kiitikio cha wimbo wake sauti ya besi inatoka do, inapanda la, inashuka re, inapanda so, inarudi do. Kila mruko ukiwa safi kabisa, bila kosa lolote, ile do unayorudi siyo ile uliyotoka. Iko chini kidogo."

Nikamwuliza inawezekanaje.

"Ni kama mtu anatoka nyumbani kwake, anakwenda kisimani, anapita sokoni, anapita kanisani. Kila hatua amekanyaga sawasawa. Akirudi anakuta mlango wake umesogea."

"Umesogezwa na nani?"

"Hakuna mtu, Baba. Hesabu yenyewe iko hivyo."

"Na hicho kipande kilichosogea kinaitwaje?"

"Kinaitwa koma."

Nikasema, "Basi na ikome."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Haikomi. Kila ubeti ukiisha, mmeshuka koma nyingine. Ndiyo maana kinanda kikinyamaza halafu kikarudi, kinawakuta hampo."

Nikamwuliza kinanda chenyewe kinaikwepaje. Akaniambia jambo ambalo nataka ulisome ukiwa umeketi. Waliotengeneza vinanda waliiona ile koma, wakashindwa kuiondoa, wakaikatakata vipande vidogo, wakavigawa kwa sauti zote, kila moja ikabeba kidogo ili mtu asitambue.

"Kwa hiyo sauti za kinanda zote ni mbovu?"

"Mbovu kidogo sana, Baba."

"Na za binti yangu?"

Akageukia upande wa jikoni. Kisha akasema, "Zake ni safi. Ndiyo maana anazama."

Jikoni sufuria ikawekwa chini kwa nguvu.

Ndugu Ofisa, kugawa upungufu kwa watu wote ili kila mmoja asione wake, ndivyo msimamizi wa duka alivyofanya na sukari mwaka jana. Wewe mwenyewe ulisimama juu ya gunia ukatuambia kwamba upungufu uliogawanywa bado ni upungufu. Tulikupigia makofi. Sasa nauliza kwa heshima kwa nini sukari ipate onyo na kinanda kiachwe kanisani.

LALAMIKO LA TATU ni hasara iliyokwisha kutokea, na ile inayokuja.

Kwaya imegawanyika. Wako watu wa kinanda na wako watu wa Scolastica, na hawakai benchi moja. Mzee Yoakimu wa besi, ambaye ni mtu wa Scolastica, anasema tangu ajue habari za koma anaisikia kila mahali. Ubeti wa kwanza anaimba kwa kifua, ubeti wa kati kwa tumbo, na ubeti wa mwisho anaimbia mahali ambapo hana sauti tena, ana pumzi tu. Ameomba kupewa kibali cha kukaa kimya kuanzia ubeti wa nne. Mimi kama mwenyekiti sikujua kibali hicho kinaandikwaje.

Nimejaribu kufikiri jambo hili linaelekea wapi. Kama kila kwaya ya milima hii inashuka kidogo kila ubeti, na nyimbo zetu zinavyopenda beti nyingi, kufikia Krismasi tarafa nzima itakuwa inaimba kutoka bonde la chini. Kufikia Pasaka nyingine watu wa tambarare watatusikia visimani mwao. Besi zitakosa kazi. Wanawake watakuwa besi. Watoto ndio watakaotubebea sauti, na watoto wana shule.

Na nikitaja shule, niligundua kwamba pale gwaride la asubuhi huimba wimbo wa taifa bila kinanda. Nilikwenda kusikiliza nikiwa nje ya ua. Walianzia shingoni wakaishia kitovuni. Sisemi kitu hapo. Nasema tu kwamba bendera ilipanda na wimbo ukashuka, na mwalimu wa zamu hakuona ajabu.

LALAMIKO LA NNE si langu. Ni la rafiki yangu Gidabuday, mfugaji wa Dirma, ambaye huja kwangu kubadilisha samli kwa mahindi. Nilimweleza habari za koma nikitegemea atacheka, kwa kuwa yeye si mtu wa kanisa na kinanda hajakigusa. Hakucheka. Alichezea fimbo yake, akasema:

"Walipokuja na trekta walituambia wanachukua kipande kidogo cha malisho. Mwaka uliofuata wakasogea, wakasema kidogo tu. Mimi nilikuwa napeleka ng'ombe kwenye maji, napeleka kwenye chumvi, narudisha nyumbani. Njia ileile ya baba yangu, sikukosea hata mahali pamoja. Siku moja nikarudi nikakuta nyumba yangu iko ndani ya ngano."

Nikamwambia pole. Akasema, "Hiyo koma yenu tunaijua. Sisi iliingia kwetu bila kinanda."

Sina hakika kama hili liko chini ya idara yako. Nimeliandika kwa sababu aliniuliza kama barua yangu ina nafasi, na nafasi ilikuwepo.

LALAMIKO LA TANO ni la nyumbani kwangu, nami nitalisema kwa ufupi, maana mke wangu anaweza kusoma.

Tangu siku ya mavuno Scolastica haimbi. Anafanya kazi zote. Anakamua, anasaga, anafagia ua, na ukimsemesha anakujibu vizuri. Lakini haimbi. Tangu alipokuwa mdogo, mimi huamka kwa sauti yake anapowasha moto. Sijawahi kumwambia hivyo, kwa sababu mtu hawezi kumshukuru mtoto kwa kuwasha moto. Sasa naamka kwa majogoo. Fransiska naye huamka, tunalala macho wazi tukisikiliza kuni zikivunjwa jikoni.

Jana nilimwuliza, "Mwanangu, kidogo namna hii ndiyo uache mtu mzuri?"

Akanijibu, "Baba, si ukubwa wake. Aliniambia nipande mbele za watu kama vile sijui nilipo. Mimi najua nilipo."

Mimi mwenyewe sijui alipo, ila namwamini.

Kutokana na hayo yote, naomba idara yako ifanye yafuatayo.

Kwanza, uje na vyombo vyako upime mi, na ile itakayoonekana halali uipige muhuri. Ikishapigwa muhuri itunzwe dukani pamoja na jiwe la kilo, ili mtu yeyote akiwa na shaka aende akailinganishe saa za kazi.

Pili, koma itafutwe, ikamatwe, ifutwe katika wilaya hii. Kama kufuta hakuwezekani mpaka kibali kitoke Dar es Salaam, basi ihamishwe. Sisi wenyewe tulihamishwa mwaka ule wa vijiji vya ujamaa, tukaacha nyumba na makaburi, na hatukuambiwa kwamba hesabu haikubali.

Tatu, ikionekana mi ya binti yangu ndiyo sahihi, vinanda vyote kuanzia hapa hadi Arusha virudishwe vilikotoka vikanyooshwe upya, na Theodory aombe radhi akiwa amesimama pale pale kwenye mashine ya kukaushia.

Nne, ikionekana mi ya Theodory ndiyo sahihi, usije. Andika barua tu, iandike kwa jina langu, na mimi nitatafuta namna ya kumwambia binti yangu, ikiwezekana nikiwa juu ya baiskeli.

Msalimie mama watoto na watoto wote, na yule dereva wako aliyenasa kwenye tope la mtoni. Mwambie daraja bado halijajengwa lakini mawe yamesogezwa. Fransiska anakusalimu, Mzee Yoakimu anakusalimu kwa kadiri ya pumzi yake, na Gidabuday anasema mvua ikiwa nzuri atakuletea samli. Kwaya nzima inakusalimu, kila upande kwa do yake.

Ni mimi, ninayesubiri kipimo chako kwa utii,

Hermani Margwe
Mwenyekiti wa Kwaya

Nakala: Ofisa Utamaduni, kwa taarifa tu.

NYONGEZA. Ndugu Ofisa, barua hii ilichelewa nyumbani kwa kukosa stempu posta, na katika kuchelewa kwake mambo yamegeuka. Nilitaka kuichana lakini karatasi ni adimu, kwa hiyo nakuomba uisome kinyume.

Jumamosi Theodory alikuja na lori, na juu ya lori kulikuwa na kinanda. Walikishusha uani kwangu yeye na dereva, akakifungua mgongo, nikaona ndani zimepangwa ndimi nyembamba za shaba. Alikuwa na tupa ndogo ya karakana. Hakumwita binti yangu. Aliketi chini, akasema kuelekea ukuta wa jikoni, "Naomba mi."

Jikoni kuni zikaendelea kuvunjwa.

Akangoja. Kisha akasema tena, "Sikuombi upande. Naomba unionyeshe ilipo."

Fransiska alikuwa jikoni na mwanawe. Alisema baadaye kwamba hakumwambia kitu, alimtazama tu. Kutoka ndani ikaja mi, bila do, bila kitu chochote kuizunguka, peke yake kama mtu amesimama mlangoni. Theodory akakwangua ule ulimi wa shaba karibu na shina lake, akapuliza vumbi, akabonyeza. Mbuzi alikuwa bado ndani ya gunia. Akaomba tena. Akapewa tena. Wakaendelea hivyo, yeye hamwoni, naye hamwoni, mpaka mbuzi akaenda polepole, akalala, akanyamaza kabisa. Kinanda na binti yangu wakawa sauti moja, na mimi nikaondoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wazima.

Waliendelea na la, wakaendelea na ti. Ilipofika la, Scolastica alikuwa mlangoni. Ilipofika ti, alikuwa amekalia kinu, amempokonya tupa, akimwambia anakwangua kama anayetengeneza jembe.

Kisha wakajaribu kiitikio. Do ikawa nzuri, la ikawa nzuri, na kutoka la kwenda re kinanda kikalia kama fisi. Kuku walikimbia. Theodory akaweka mikono magotini. "Hapo siwezi," akasema. "Nikiinyoosha hiyo, nyingine inapinda."

Binti yangu akafikiri. Wimbo ni wake, ameutunga yeye, na ninajua alivyouhangaikia. Akafumba macho kidogo akaimba: do, la, fa, so, do. Re ameiacha. Theodory akapiga hesabu kwa vidole juu ya goti, akapiga tena, akasema, "Inarudi nyumbani."

Nilimwuliza Scolastica kama wimbo umekuwa mzuri zaidi. Akasema, "Umekuwa mwingine." Kisha akasema, "Ule wa kwanza nitauimba mwenyewe."

Jumapili Padri alitangaza mara ya tatu. Kwa hiyo malalamiko yangu nayafuta yote, pamoja na maombi, pamoja na lile la kukamata. Usije na muhuri. Mi iliyopo kwetu sasa haiwezi kutunzwa dukani, kwa sababu ina watu wawili. Lalamiko la Gidabuday tu ndilo silifuti, maana si langu, na nyumba yake bado iko ndani ya ngano.

Arusi ni baada ya mavuno. Ukipata gari, njoo ule pilau.

Koma, Theodory anasema haikufa. Haifi. Mtu anachoweza ni kuchagua ikae wapi, na wao wameiweka kati ya re na la, pale kinanda kilipolia kama fisi, ambako wimbo wa arusi haupiti. Ni nyimbo za Kwaresma ndizo zinazopita hapo, karibu zote, tena polepole. Padri bado hajaambiwa. Fransiska anasema Kwaresma iko mbali.